Maneno Yaliyozimwa na Mvua

Wengi pale Homa Bay walimjua Filister Achieng' kama fundi wa nguo. Kwamba alikuwa pia mtunzi wa riwaya za mapenzi, hilo walilijua wachache, na hao wachache walidhani ni mzaha. Cherehani yake ilikaa kwenye baraza ya duka la vyombo karibu na soko. Hapo alishona sare za shule na magauni ya kwaya, na hapo ndipo alipopata watu wake wa vitabuni.

Siri ilikuwa kwenye pini. Mteja anapopimwa husimama mikono imenyanyuliwa kama mtu aliyekamatwa, hana pa kutazama, na mbele yake kuna fundi mwenye pini mdomoni asiyeweza kuuliza wala kushangaa. Basi mteja huanza kusema. Fundi akifika kiunoni, jina la mwanamume limeshatajwa. Akifika kwenye pindo, kila kitu kimeshamwagika.

Filister hakuchukua hadithi ya mtu nzima nzima. Aliona ni tabia mbaya, na zaidi ya hayo wateja wangemkimbia. Alichukua vipande: mabega ya muuza mkaa, sauti ya mhubiri, wivu wa mke wa diwani, kisha akaviunga mpaka mwenyewe asingeweza kuvitambua. Aliandika kwa penseli saa za alasiri, wateja wakipungua, karatasi zikiwa chini ya vitambaa. Sura ikikataa kusonga, alipiga pasi nguo za watu mpaka ikubali.

Aliandika kwa Kiswahili. Mwanzoni alijaribu Kijaluo, lugha ya nyumbani, lakini kila mhusika wake alipotaka kusema neno la mapenzi, Filister alimsikia mama yake akikohoa mlangoni. Kiswahili kilikuwa kama nguo ya kuazima ya kwendea harusini. Ndani yake aliweza kucheza.

Jioni alizipeleka karatasi nyumbani, na mume wake, Dishon, akazipiga chapa. Dishon alikuwa karani wa mahakama, mtu mrefu, mpole, wa maneno machache, mwenye taipureta yake mwenyewe aliyoinunua kwenye mnada. Alipiga chapa riwaya za mkewe kwa uso uleule aliopigia hukumu za wizi wa kuku. Katika miaka yote hiyo maoni yake yalikuwa ya aina moja tu. "Hapa umeandika 'mahaba' mara mbili katika mstari mmoja," angesema, kisha angeendelea kugonga.

Riwaya yake ya kwanza, *Mgeni wa Sori*, ilitoka mwaka 1994 na ikauzwa vizuri kuliko alivyotarajia mtu yeyote. Ilipofika zamu ya riwaya ya pili, mhariri wake kule Nairobi, mwanamke kijana aliyeitwa Liz, alirudisha muswada. Walizungumza kwa simu ya kulipia nje ya posta, Filister akiwa ameziba sikio moja kwa kidole.

"Mama, ni nzuri," Liz alisema. "Lakini kuna jambo. Kila mara mwanamume wako anapofungua mdomo kumchumbia mwanamke, wewe unaleta kelele. Katika kitabu cha kwanza mvua ilipiga mabati, hatukusikia kitu. Katika hiki umewasha mashine ya kusaga unga."

"Ni mbinu," Filister alisema.

"Ni mbinu mara ya kwanza. Wasomaji wanataka kusikia anachosema."

Filister aliweka simu chini na kurudi kwenye cherehani. Haikuwa mbinu. Ukweli ni kwamba hakujua wanaume husema nini wakati huo. Yeye mwenyewe alipoolewa, alikuja kwao jagam, yule mshenga wa Kijaluo, mwanamke mwenye miguu mirefu na mdomo mtamu, akakaa na shangazi zake mchana kutwa. Kufikia jioni mambo yalikuwa yamekwisha. Alisikia baadaye kwamba jagam yule alipewa majina ya wasichana watatu. Kwa nini jina lake ndilo lililochomoka, hakuuliza, na Dishon hakusema. Kwa wateja hakupata msaada pia. Walimwambia yote waliyotendewa, lakini wakifika kwenye yale maneno yenyewe walicheka na kufunika uso.

Wiki kadhaa baadaye, mwanzoni mwa mwaka 1995, mwanamume alisimama mbele ya baraza akiwa ameshika nakala ya *Mgeni wa Sori* kifuani kama Biblia. Filister alimtambua papo hapo na moyo ukamshuka mpaka kwenye pedeli.

Aliitwa Maroa, Mkuria wa Kehancha, aliyekuwa akinunua omena, wale dagaa wa ziwani, kule Sori na kuzipeleka milimani kwa lori. Miaka michache iliyopita alikuja kushonewa koti. Filister, aliyejivunia kukata watu vipande vipande, safari hiyo alishindwa na tamaa. Alimchukua Maroa mzima. Kovu kwenye unyusi wa kushoto, mluzi, koti lenye viraka vya ngozi kwenye viwiko, hata ile tabia yake ya kuwasalimia mbuzi njiani. Alimbadilisha jina tu, akamwita Matiko.

"Mama," Maroa alisema, "huyu Matiko ni mimi."

"Watu hufanana," Filister alisema.

"Anasalimia mbuzi."

Filister alitoa pini mdomoni moja baada ya nyingine, akazichoma kwenye kijitakia chake, akisubiri kusikia habari za wakili. Lakini Maroa alivuta kiti cha wateja akaketi. Hakuwa na hasira. Alikuwa na haya, na kwa mtu mkubwa namna ile haya ilijaza baraza yote.

"Kuna mwanamke kwetu," alisema. "Bhoke. Analima tumbaku. Yeye ndiye alinipa kitabu hiki, akaniambia, 'Soma, kuna mtu unamjua humu.' Nimesoma mara nne. Huyu Matiko ameniandikia njia yote, mama. Anavyomzungukia, anavyoleta samaki na kujifanya amekosea nyumba, ni mimi kabisa. Halafu tunafika mwisho, anamshika Anjelina mkono, anafungua mdomo, na wewe unaleta mvua."

"Ndiyo."

"Sasa mimi nimesimama hapo kwenye mvua tangu mavuno ya mwaka juzi." Alikifungua kitabu kwenye ukurasa wa mwisho na kumwonyesha, kana kwamba huenda mwandishi alikuwa hajauona. "Naomba uniambie alisema nini."

Filister alimtazama. Angeweza kubuni jambo, kazi yake ilikuwa kubuni, lakini mtu huyu alikuwa amesafiri. "Sijui," alisema. "Kama ningejua ningeandika."

Maroa alikubali kwa kichwa polepole, kama mgonjwa aliyeambiwa dawa imekwisha. Kisha, labda kwa kutaka kumliwaza fundi, akasema, "Hata hivyo kitabu ni kizuri. Kuna ile sehemu Bhoke aliipigia mstari. Anjelina anaingia chumbani, na Matiko anasogeza kiti ambacho hakikuwa njiani. Hakuna zaidi. Anasogeza kiti tu. Mimi nilipoisoma nilifunga kitabu nikatoka nje. Ulijuaje?"

"Ipi hiyo?"

Maroa aliifungua. Ilikuwa hapo, chini ya ukurasa: *Anjelina alipoingia, Matiko alisogeza kiti ambacho hakikuwa njiani.*

Filister aliisoma mara mbili. Alizijua sentensi zake kama alivyozijua mishono yake. Hii hakuwa ameiandika yeye. Kitabu kilipotoka alikuwa amekibusu, akakiweka kabatini na kuogopa kukisoma, kama wafanyavyo watu na picha zao. Na sasa, akiwa ameinama juu ya goti la mfanyabiashara wa omena, aliona picha nyingine kabisa: jioni, mlango wa nyumbani, yeye akiingia na kikapu chake, na Dishon akinyanyuka kutoka mezani na kusogeza kiti. Kila jioni. Alikuwa akidhani ni mtu anayependa nafasi.

Jioni hiyo aliingia nyumbani na kusimama mlangoni. Dishon alinyanyuka. Akasogeza kiti.

"Baba Lynnet," Filister alisema, "umekuwa ukiandika ndani ya vitabu vyangu?"

Dishon alitazama taipureta, ikawa haina la kumsaidia. "Palikuwa na nafasi chini ya ukurasa," alisema.

"Nafasi."

"Sura ilikwisha mapema. Karatasi ilibaki nyeupe. Nikaona nijaze."

"Umejaza mara ngapi?"

"Si nyingi," alisema, na kwa namna alivyosafisha miwani Filister alijua ni nyingi. Alijaribu kukasirika. Aliingia jikoni akasonga ugali kwa nguvu kupita kiasi, lakini hasira haikuja. Kilichokuja kilikuwa udadisi, na udadisi kwa mtunzi ni njaa kamili. Aliporudi na sahani akamwambia habari za Maroa na mvua.

"Basi niandikie wewe," alisema. "Hayo maneno. Wewe ni mwanamume."

Dishon aliosha mikono kwa muda mrefu. "Hiyo siwezi, nyar Karachuonyo," alisema, akimwita binti wa kwao. "Mimi sijawahi kumchumbia mtu. Tuliletewa jagam." Akaanza kula.

Ndipo alipoamua kwenda Kehancha. Kama hakuna aliyeweza kumwambia maneno hayo, angekwenda kusimama mahali ambapo yangesemwa. Maroa alipopita tena barazani, alimwambia kwamba yuko tayari kumshonea Bhoke gauni bure, kama malipo ya mbuzi na kovu, na kwamba vipimo lazima vichukuliwe na fundi mwenyewe. Maroa hakuwa mjinga, lakini alikuwa amekata tamaa, na katika hali hiyo hata mpango wa wazi kama huo huonekana wa busara. Siku mbili baadaye Filister alifika Kehancha akiwa amekaa mbele kwenye lori la omena, na harufu ilimfuata mpaka wiki iliyofuata.

Walimkuta Bhoke nyuma ya nyumba yake, kwenye tanuri la kukaushia tumbaku. Lilikuwa jengo refu la matofali lisilo na madirisha isipokuwa kijitundu chenye kioo, ambapo mtu alichungulia kipima joto. Majani yalining'inia ndani kwa mafungu, na moto ulipaswa kuwaka mchana na usiku karibu wiki nzima. Ukizidi, majani yanaungua. Ukipungua, yanakuwa meusi na mnunuzi anayatupa pembeni. Bhoke alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, macho mekundu kwa moshi, kitambaa kichwani, panga mkononi. Shamba lilikuwa lake, aliachiwa na nyanya yake, na hakuna mtu katika kijiji aliyethubutu kulizungumzia kana kwamba lilikuwa la mwingine.

"Karibu, dada," alimwambia Filister. Kisha kwa Maroa, bila kugeuka, "Kuni zimekwisha. Zile kubwa ziko kule chini."

Maroa, aliyekuwa amevaa koti lake na kunyoa ndevu, alitazama mteremko, akavua koti, akaenda.

Filister alitoa utepe wa kupimia. Bhoke alinyanyua mikono palepale kando ya mlango wa moto, kwa sababu hakuweza kuondoka, na Filister akajaza pini mdomoni ingawa kupima hakuhitaji pini.

"Wewe ndiye uliyeandika," Bhoke alisema alipopimwa mabega. "Ameniambia. Nina neno na wewe."

Filister aliinua nyusi.

"Huyo Anjelina. Anazimia mara mbili. Mara moja kwa sababu mtu amechelewa, na mara ya pili kwa sababu mtu huyohuyo amefika. Mimi nimesimama kwenye moto huu siku nne, nimelala saa mbilimbili, sijazimia. Na kwa nini yuko stendi siku zote? Hana kazi?"

Filister alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli.

"Lakini mwanamume umempata," Bhoke aliendelea, sauti ikiwa imelegea kidogo. Utepe ulikuwa kiunoni. "Anakuja, anaweka samaki mlangoni, anasema amepotea njia. Mtu amezaliwa mlima ule pale, anapotea vipi? Nimengoja msimu huu, na ule, na ule. Wanaume wengine walikuja na maneno mengi. Mmoja aliniambia macho yangu ni kama nyota juu ya ziwa. Ziwa gani, hapa? Nikamwambia kuni ziko kule, akaondoka." Alichungulia kioo, akasukuma gogo ndani kwa mguu. "Shida yangu na Maroa si kunyamaza. Shida ni kwamba ni mtu wa kuondoka. Leo Sori, kesho Migori. Mimi moto wangu hauondoki."

Maroa alikuwa akipanda mteremko na gogo begani. Shati lake jeupe lilikuwa halina rangi tena. Aliliweka gogo chini, akarudi kuchukua jingine, na jingine. Bhoke aliyatazama akasema, "Yanatosha," lakini Maroa alileta moja zaidi. Alipolishusha alisimama akihema. Filister alitoa pini mdomoni, akapiga magoti kupima urefu wa gauni, akajifanya sehemu ya sketi.

"Bhoke," Maroa alisema.

"Mm."

"Usiku nani anachunga moto?"

"Mimi. Nani mwingine?"

Maroa alifuta uso kwa mkono, akajipaka masizi mpaka kwenye lile kovu.

"Naomba zamu ya usiku," Maroa alisema.

Bhoke aliacha kuchungulia kioo. "Ya leo?"

"Ya kila siku."

"Na omena?"

"Omena zina wanunuzi wengi."

Kuni zilipasuka ndani. Bhoke alimtazama kwa muda, kutoka viatuni mpaka kichwani, kama anavyotazama jani kabla ya kulipangia daraja. "Zamu ya usiku ni ya watu wa nyumba hii," alisema. "Siwapi wageni."

"Ndiyo maana naiomba."

Hakukuwa na mvua, wala mashine, wala chochote. Mbuzi walikuwa wamelala kimya kwenye kivuli cha mihogo. Kila neno lilisikika. Filister aligundua kwamba alikuwa ameung'ata utepe badala ya pini, na kwamba machozi yalikuwa yakimtoka, ambayo yangeweza kuwa ya moshi.

"Mjomba wangu Wangwe yuko nyumbani Jumamosi," Bhoke alisema. "Atataka ng'ombe wengi, usishtuke, mwombe apunguze taratibu. Sasa kanawe, unatisha." Maroa alipokuwa ameshageuka kwenda mtungini, Bhoke aliinama kumtazama Filister. Macho yake yalikuwa yakimeta, lakini sauti ilikuwa imara. "Na wewe, dada. Haya usiyaandike."

Filister alitoa utepe mdomoni. "Hata nikibadilisha majina?"

"Kovu lake umeshaliazima. Haya ni yetu."

Basi akarudi Homa Bay akiwa na vipimo vya gauni, harufu ya omena na moshi kwa pamoja, na maneno mazuri kuliko yote aliyowahi kuyasikia, ambayo hakuwa na ruhusa ya kuyagusa. Katika lori alijaribu kuyabadilisha: badala ya moto, mtumbwi, badala ya zamu ya usiku, zamu ya kasia. Yalikufa mara moja. Yalikuwa ya watu wale wawili na ya tanuri lile.

Jumapili baada ya kanisa, binti yao Lynnet akiwa ameenda kwa rafiki zake, Filister aliketi mezani na muswada wake wa pili. Ilikuwa hadithi ya muuguzi na mpima ardhi, na mpima ardhi alikuwa amesimama kwenye kinu cha kusaga tangu Novemba. Alifuta mashine. Kukawa kimya kwenye ukurasa, na katika kimya hicho mpima ardhi hakuwa na la kusema. Dishon alikuwa upande wa pili, akibadilisha utepe wa taipureta, vidole vyeusi.

"Nimewasikia wale," Filister alisema. "Maroa na mwenzake. Alisema vizuri."

"Alisema nini?"

"Nimekatazwa."

Dishon aliafiki kwa kichwa, aliheshimu mambo yaliyokatazwa. Filister alizungusha penseli. Kisha aliuliza, si kwa ajili ya kitabu, au si kwa ajili ya kitabu peke yake.

"Kama jagam asingekuja. Kama ingebidi uje mwenyewe. Ungesema nini?"

Alitegemea kuambiwa kwamba hajui. Dishon aliweka utepe chini, akafuta vidole kimoja kimoja kwa kipande cha gazeti.

"Ningesema nilikuona Kendu," alisema. "Kwenye mashindano ya kwaya. Ninyi mlikuwa wa pili kutoka mwisho. Ule wimbo mlioimba, kuna mahali wenzako wote walinyamaza, ilikuwa waimbaji wanyamaze, na wewe ukaendelea. Peke yako. Ukumbi mzima ulikugeukia."

Filister aliyakumbuka mashindano hayo. Kwa miaka mingi aliomba asiyakumbuke. "Nilikosea kuhesabu," alisema.

"Najua. Lakini hukuacha. Uliona umekosea, nikaona umeona, na ukaimba ule mstari mpaka mwisho kana kwamba ni wako. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma. Mimi nikikosea herufi moja huchana ukurasa mzima." Alikunja gazeti vipande vinne. "Ningesema, nataka kukaa nyumba moja na mtu huyo."

Nje mtu alipita akisukuma mkokoteni, ukalia, ukapita. Filister aliweka penseli chini.

"Jagam alipewa majina matatu," alisema.

"Alipewa moja."

"Shangazi alisema matatu."

"Mjomba wangu alitaka matatu, ndiyo desturi ya watu wanaojiheshimu. Mimi niliandika lako. Akaniambia niongeze mengine mawili, nikamwambia sina." Alianza tena kuufunga utepe. "Nilidhani unajua."

"Ningejuaje, Baba Lynnet? Hujawahi kusema."

"Nilikuwa nasubiri nafasi," Dishon alisema.

Filister alicheka, akacheka mpaka akaweka kichwa mezani juu ya muuguzi na mpima ardhi, na mume wake, baada ya kumtazama kwa wasiwasi, akaanza kucheka pia, kicheko cha ndani ndani cha mtu asiye na mazoezi. Alipoinua uso, alimuuliza jambo alilokuwa amejifunza Kehancha kwamba ni lazima liulizwe.

"Hayo naweza kuyaandika?"

Dishon alifikiri. "Si Kendu," alisema. "Kendu iache. Lakini yule mpima ardhi anaweza kuwa amemsikia muuguzi akiimba mahali."

Sura hiyo iliandikwa siku hiyohiyo, na kwa mara ya kwanza hawakugawana kazi kama zamani. Filister alisema kwa sauti, Dishon akapiga chapa, kisha Dishon akasimama na kusema, "Mwanamume hawezi kusema hivyo bila kutazama pembeni," na Filister akamfanya mpima ardhi atazame pembeni. Walibishana juu ya neno moja mpaka chai ikapoa. Alishinda Filister, lakini kwa tabu.

Liz alipiga simu posta mwezi uliofuata. "Mama, sura ya mwisho nimeisoma mara tatu," alisema. "Ni nzuri. Lakini niseme kweli, siiamini sana. Wanaume hawasemi hivyo."

"Iache kama ilivyo," Filister alisema.

Iliachwa. Kitabu kilitoka mwaka uliofuata, na jina la Dishon lilikuwa ndani, kwa herufi ndogo, kwenye ukurasa ambao hakuna anayeusoma. Yeye aliusoma kila siku kwa muda. Bhoke na Maroa walikuwa wameshaoana wakati huo. Mjomba Wangwe alitaka ng'ombe wengi kweli, na Maroa alilipa kwa fedha alizopata kwa kuuza lori lake. Gauni lilimkaa Bhoke vizuri isipokuwa kwenye mikono, ambayo ilikuwa imenenepa kwa kazi tangu kupimwa. Msimu huo tumbaku yao ilipata daraja la juu, na Maroa, ambaye sasa alilala mchana kama bundi, alituma ujumbe kwamba hana lalamiko lolote.

Hadithi ya tatu ilihitaji kisiwa. Filister alikuwa tayari kukibuni, kama alivyobuni mengi, lakini Dishon alisema hatapiga chapa kisiwa ambacho hajakiona. Basi Jumamosi moja walipanda boti ya injini kwenda Remba. Dishon alishika ubao kwa mikono miwili safari nzima na hakusema kitu. Walishuka kwenye mawe, nyumba za mabati zikiwa zimebanana begani kwa bega mpaka majini, omena zikiwa zimeanikwa kila mahali penye nafasi ya kuanika. Filister alisimama kwanza avute pumzi na kupanga namna ya kuanza. Alipogeuka, mume wake alikuwa ameshachuchumaa kando ya mwanamke aliyekuwa akigeuza omena kwa ufagio, ameshika mkoba wa mkewe magotini, na kwa adabu yote ya mahakamani alikuwa akimuuliza, kama halikuwa swali baya, jinsi yeye na mzee wake walivyokutana.